Kadi za "ji": shajara ya mradi wa Kipunjabi cha heshima kwa wahudumu wa wazee

Mwisho wa Januari

Kampuni inayotutuma majumbani kuhudumia wazee imetugawia karatasi ya "maneno muhimu ya Kipunjabi", lugha ya watu wa Punjab, eneo lililogawanyika kati ya India na Pakistan. Nikaipeleka kwa jirani yangu Mpunjabi anisaidie matamshi. Akasoma mstari wa kwanza na wa pili huku akicheka, alipofika wa tatu akaacha kucheka. "Uth", inuka. "Baith", kaa. "Roti kha lai", kula. "Dawai lai lai", kunywa dawa. Hakuna neno lililokosewa. Ila yote ni maneno ya kumwambia mtoto, au mtu uliyecheza naye gololi. Sisi tunapelekwa kwa watu wa miaka 80.

Ndipo mradi huu ulipoanzia. Nataka kadi ndogo za mfukoni, kila kadi na sauti yake ya WhatsApp, zenye Kipunjabi ambacho mhudumu anaweza kumwambia mzee bila kumvunjia heshima. Maelezo yatakuwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotuunganisha: mimi wa Tanga, dada wa Nyeri, mama mmoja wa Lubumbashi, kijana wa Bujumbura. Tunafanya kazi Southall, magharibi mwa London, ambako hata kibao cha stesheni ya treni kina jina la mji kwa Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 291,000 England na Wales ambao lugha yao kuu ni Kipunjabi. Baadhi ya wazee wetu walikuwa na Kiingereza cha kiwandani au cha uwanja wa ndege, lakini uzee unakichukua kidogo kidogo, na kinachobaki ni lugha waliyonyonya.

Kuhusu tahajia: nitaandika Kipunjabi kwa herufi za Kilatini kama vijana wa hapa wanavyoandikiana kwenye simu. Gurmukhi nitaiweka nyuma ya kadi, ili mzee asiyesikia vizuri aoneshwe asome.

Februari, wiki ya kwanza

Mwalimu amepatikana. Ni mama mstaafu anayefundisha watoto kusoma Gurmukhi siku za Jumapili kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga (Sikh). Tunamwita Bhenji, yaani dada, ingawa ni wa umri wa mama yangu. Amechagua mwenyewe; anasema "Aunty ji" inamzeesha. Namwelewa. Dar es Salaam konda wa daladala akikuita "mama" nawe hujafika 30, unanuna mpaka Kariakoo.

Ameanza na "tu" na "tusi". "Tu" ni wewe. "Tusi" ni ninyi, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwa mtu mmoja anayestahili heshima. Ukishachagua "tusi", sentensi nzima inaifuata. "Baith" inakuwa "baitho". "Aa", njoo, inakuwa "aao". "Tera", yako, inakuwa "tuhada". Huwezi kuanza na "tusi" ukamalizia na "baith". Hapo umemvika mzee kanzu halafu ukampa ndoo.

Mama wa Lubumbashi ameshika mara moja, maana Kifaransa kimemzoesha "vous" tangu shule ya msingi. Sisi wa pwani imetuchukua muda. Kwetu mtu mmoja hageuki kuwa wengi. Mzee ni "wewe" na mtoto ni "wewe", na hakuna anayekasirika, kwa sababu heshima yetu tumeiweka kwingine: kwenye salamu, kwenye jina unalomwitia mtu, na kwenye namna ya kuomba. Nikamwambia Bhenji hivyo. Akasema, vizuri, basi na hivyo vitatu tutavipitia, maana Kipunjabi nacho kinavyo.

Februari, wiki ya pili

Wiki nzima ni "ji".

Ni kineno kifupi kinachobandikwa mwisho wa karibu kila kitu. "Haan" ni ndiyo. "Haanji" ni ndiyo yenye adabu. "Nahin" ni hapana. "Nahin ji" ni hapana isiyochoma. Kinabandikwa kwenye majina ya ukoo: "Mata ji", "Baba ji", "Masi ji". Kinabandikwa kwenye "Sat Sri Akal ji", salamu ya Masingasinga inayotolewa kwa viganja vilivyounganishwa kifuani. Nimesikia hata dereva wa basi akiambiwa "bas ji", inatosha bwana, simama hapa.

Bhenji anasema mhudumu akiwa hana Kipunjabi kingine chochote, "haanji" peke yake itambeba mwezi mzima. Inatumika kukubali. Inatumika kuonyesha kwamba unasikiliza. Ukiipandisha sauti mwishoni inakuwa "unasemaje?", badala ya "ki?", ambayo ni "nini?" ya mtu asiyelelewa. Na mzee akikuita jina kutoka chumba cha pili, unaitika "haanji".

Hapo mimi na yule kijana wa Bujumbura tukaangaliana, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia siku chache nyuma jinsi mama yangu alivyotulea. Ukiitwa ukajibu "ee?" au "nini?", hujibiwi, unaitwa tena. Mpaka useme "abee", na kaka zangu waseme "naam". Wazazi wa Kipunjabi wanafanya hivyo hivyo na "haan" tupu ya watoto wao. Tofauti ni kwamba "haanji" haijali kama wewe ni mwanamke au mwanamume, kwa hiyo kadi moja inatutosha sote.

Kadi namba moja imekamilika. Ina neno moja tu.

Mwanzo wa Machi

Leo tumeshughulikia kuomba, na hapa karatasi ya kampuni ndipo ilipojikwaa zaidi. Juu yake kulikuwa na "kirpa karke", tafadhali, na maelezo kwamba ukiongeza hilo kila amri inakuwa ya adabu. Bhenji amekunja uso. "Kirpa karke" ni la tangazo la stesheni na barua ya ofisi. Nyumbani hakuna anayemwambia mama yake hivyo. Na "kirpa karke baith", huku kitenzi kikiwa bado cha mtoto, haijampa mzee kitu.

Anayotaka tutumie ni ya aina mbili.

Ya kwanza ni kitenzi cha "tusi" chenye "ji" mkiani: "Baitho ji." "Dawai lai lo ji." Ukitaka kulainisha zaidi unatanguliza "zara", kidogo: "Zara baanh deo ji", hebu nipe mkono kidogo.

Ya pili imenifurahisha kuliko chochote tangu tuanze. Badala ya kumwagiza mzee, unamwomba ruhusa juu ya kitendo chako mwenyewe. "Main andar aa javan ji?" Niingie? "Paani liavan ji?" Nilete maji? "Main tuhadi baanh fad lavan ji?" Nikushike mkono? Kitenzi kinageuka mwishoni kwa "-an", na kazi yake ni ile ile ya "-e" yetu katika "niingie", "nilete", "nikushike". Wenzetu waliokuwa wakilalamika kwamba sarufi ya Kipunjabi haina mlango wamepata mlango. Ukijua kusema "nikusaidie?" kwa Kiswahili, umeshajua hali ya sentensi, zimebaki sauti.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kipunjabi hubagua mwanamke na mwanamume katika vitenzi vingi: "naweza kuingia" mwanamke atasema kwa "sakdi", mwanamume kwa "sakda". Lakini "aa javan" ni moja kwa wote. Kwa hiyo kadi zote za kuomba ruhusa tumeziandika kwa muundo huu, hakuna haja ya kuchapa mbili mbili.

Machi, katikati

Majina ya ukoo. Nilitenga jioni moja, nikidhani patakuwa na vita. Hakukuwa na vita yoyote, angalau kwetu.

Kiingereza kina "uncle" mmoja ambaye anaweza kuwa yeyote. Kipunjabi kinakataa, kama sisi tunavyokataa. Kaka mkubwa wa baba ni "taya". Kwetu baba mkubwa. Mdogo wa baba ni "chacha", baba mdogo. Kaka wa mama ni "mama", na ndiyo, imebidi tucheke, maana ni mjomba. Dada wa baba ni "bhua", shangazi. Dada wa mama ni "masi", awe mkubwa au mdogo. Hapo Kiswahili kimewazidi kwa kutenganisha mama mkubwa na mama mdogo. Dada wa Nyeri alichora ukoo wake wote kwenye ubao na Bhenji akaujaza kwa Kipunjabi bila kusita.

Kwa mhudumu, hata hivyo, la muhimu ni kumwita mtu asiye ndugu yako. Wazee wanawake huku wanaitwa "Biji" au "Mata ji"; wanaume "Baba ji" au "Bapu ji". Mwana wa mzee, mtu wa miaka 50, ni "Bhaji", kaka, na mkewe ni "Bhenji". Jina tupu halitumiki kwa mtu aliyekuzidi umri. Ofisini kwetu wanasisitiza tuwaite wateja majina yao ya kwanza kwa sababu inaonyesha ukaribu. Kwa Mwingereza pengine inaonyesha. Mimi mwenyewe sitamwita mtu wa rika la bibi yangu jina lake kavu, kwa lugha yoyote, hata nikiamriwa kwa maandishi. Kadi inasema: muulize kwanza anapenda aitweje, na mpaka akujibu, ni Biji au Baba ji.

Machi, wiki ya mwisho

Nimeanza zamu kwa bibi mmoja aliyezaliwa Kisumu.

Babu yake alikuja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896 na njia ikafika ziwani Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, ambapo ndipo Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Punjab, na takriban 2,500 hawakutoka hai. Wengine wengi walirudi kwao. Waliobaki wakawa mafundi, wenye maduka, makarani wa reli. Bibi na mumewe walihamia Uingereza mwanzoni mwa 1968, katika ule msongamano wa Waasia wa Kenya waliokimbilia kuingia kabla sheria mpya ya uhamiaji haijapita mwezi Machi.

Alipojua natoka Tanga alifurahi sana, akaanza Kiswahili papo hapo. "Wewe! Kuja hapa. Lete chai. Wacha hiyo. Pika mzuri." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananikaribisha. Ni Kiswahili chote alicho nacho, na chote ni amri, kwa kuwa alikichukua jikoni na dukani, akiwaambia watu waliokuwa wakimfanyia kazi. Waliomfundisha hawakuwa na nafasi ya kumfundisha "naomba". Wao walimjibu "ndiyo memsahib", na hilo halikuwa la kwake kulisema.

Dakika moja baadaye binti yake akapiga simu, na bibi huyo huyo akageuka mtu mwingine. "Haanji… haanji puttar… jiundi reh." Ndiyo mwanangu, uishi. Sauti imetulia, kila neno limefunikwa.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa kwa sababu ndilo mradi wenyewe. Mtu hujifunza lugha kutoka pale aliposimamishwa. Bibi alisimama juu, akajifunza Kiswahili kinachoshuka. Ile karatasi ya kampuni pia ilikuwa Kipunjabi kinachoshuka, labda kilichukuliwa kwa mtu aliyekuwa akikumbuka alivyoambiwa na mama yake utotoni. Hata vijana waliozaliwa Southall wanalalamikiwa na wazee kwa jambo hilo. Wamekua wakisikia "aa ja", "beh ja", "kha lai", yaani njoo, kaa, kula, kwa sababu ndivyo mzazi anavyosema na mwana, nao wakamrudishia bibi maneno yale yale. Hawana ukosefu wa adabu. Hakuna aliyewasemesha kwa "tusi" ili waisikie. Nasi tukitegemea kuokota Kipunjabi masikioni, tutaokota kile tunachoambiwa sisi, ambacho sicho cha kurudisha.

Anayesalimia kwa Kiswahili cha Tanzania anajua hili tayari. Ukiambiwa shikamoo, hujibu shikamoo.

Aprili, baada ya Vaisakhi

Vaisakhi ni sikukuu ya Masingasinga ya mwezi huu. Tumeenda gurdwara kwa mwaliko wa Bhenji. Viatu nje, kichwa kimefunikwa, tukakaa chini kwa mistari kula langar, chakula cha bure kinachotolewa kwa yeyote anayeingia. Dada wa Nyeri hakuhitaji maelezo. Amekula mara nyingi pale Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ambapo gurdwara iliyojengwa 1926 bado inalisha wasafiri.

Nilikuwa na daftari, kwa sababu huku ndiko lugha ya heshima inakopanda ngazi ya juu. Anayegawa mkate hasemi "roti". Anapita akiita "parshada ji, parshada ji", nawe unapokea kwa viganja viwili vilivyokingwa pamoja. Kula hakuitwi "khana", kunaitwa "chhakna". "Parshada chhako ji." Hata chai wazee wacha Mungu "wanaichhaka". Ukitosheka unaunganisha viganja na kusema "bas ji".

Nikamuuliza Bhenji kama tuiingize "chhako" kwenye kadi za chakula. Akasema kwa mzee Singasinga wa dini sana itampendeza, kwa Mhindu itakuwa ngeni, na kwa Mwislamu wa Lahore, upande wa Pakistan, itakuwa kama umekosea nyumba. Kadi ya kawaida ibaki "roti kha lo ji", inayoingia kila mlango. "Chhako" imekwenda kwenye kadi za nyongeza.

Salamu nazo zinagawanyika hivyo. Singasinga: Sat Sri Akal. Mhindu: Namaste. Mwislamu: Assalamu alaikum, na huyu kwetu wa pwani hana shida kabisa. Kisha kuna "pairi pauna ji", naangukia miguu yako, huku ukiinama kugusa miguu ya mzee. Anakujibu kwa baraka: "jiundi reh" kwa mwanamke, "jiunda reh" kwa mwanamume, uishi. Nilipowaeleza wenzangu, hakuna aliyeuliza swali. Shikamoo tunafundishwa kwamba asili yake ni kushika miguu, na marahaba ndiyo inayoifunga. Ila tahadhari: baadhi ya Masingasinga hawapendi kuguswa miguu, wakisema kichwa huinamishwa mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, peke yake. Kadi inasema usianze wewe. Ukiona wajukuu wanafanya, fuata.

Mwisho wa Aprili

Ubishi. Tuweke "tu" kwenye kadi au tuiache kabisa?

Mimi nilisema tuiache. Mhudumu asiyeijua hawezi kuikosea. Kijana wa Bujumbura akasema mzee atamwambia "aa ja puttar, beh ja, chah pee lai" na yeye atakaa kama gogo asijue anakaribishwa chai. Ana hoja.

Bhenji akaongeza jambo lililonifanya nilegee. "Tu" si neno la dharau, alisema. Kwenye sala za Kisingasinga Mungu mwenyewe huitwa "tu". Kuna nyumba ambazo baba ni "tusi" na mama ni "tu", na si kwamba mama hana heshima. Ni kwamba hakuna umbali wa kujaza. Mzee anapoanza kukuambia "tu" na "puttar", amekufungulia mlango. Wewe unaendelea na "tusi" bila kuyumba, na hapo kila mtu amekaa mahali pake.

Kwa hiyo kadi sasa ni za aina mbili. Nyeupe ni za kusema. Za njano ni za kusikia tu, zimeandikwa juu: usirudishe. "Puttar" iko kwenye njano. Inamaanisha mwanangu, na mwanamke pia huitwa hivyo, jambo lililomshangaza mama wa Lubumbashi, mwenye wajukuu, alipoitwa hivyo na Baba ji wa miaka 91.

Mei

Kurekodi. Kwa ufupi, maana ni kazi ya kuchosha.

Kipunjabi kina toni, na tahajia inaficha. Mfano wa vitabuni ni "kora": kwa sauti ya kawaida ni mjeledi, kwa sauti ya chini ni farasi, kwa sauti ya juu ni mwenye ukoma. Kwetu linalogusa zaidi ni "bh" ya mwanzo. "Bhenji" na "bhaji" hazianzi kwa b iliyopuliziwa hata kidogo. Zinaanza kwa p, na sauti inashuka chini halafu inapanda. Ndiyo maana vijana wengine huandika "paaji". Dada wa Nyeri alisikia tofauti mara ya kwanza kwa sababu Kikuyu nacho kina toni. Mimi na Kiswahili changu nilihitaji kurudiarudia. Sauti zote zimesemwa na Bhenji, taratibu, kisha kwa kasi ya kawaida. Familia za Malwa, kusini mwa mto Satluj, zimetuambia kwamba kwao "tuhada" husikika "thoda", kwa hiyo tumeongeza sauti moja ya kuisikia.

Mei, wiki ya mwisho

Heshima kwa asiyekuwepo. Hili silo nililolitafuta, limejitokeza kwenye makabidhiano ya zamu.

Binti wa mzee akiuliza Biji yuko wapi, jibu lililozoeleka kwa anayejifunza ni "Biji sutti ai", Biji amelala, kwa umoja wa kike. Wenye adabu husema "Biji sutte ne". Kitenzi kimekwenda kwenye wingi, tena wingi wa kiume, ingawa anayelala ni bibi mmoja mdogo wa umbo. Na hata hasikii. Bhenji anasema hapa ndipo anapompima mtu: usoni mwa mzee kila mmoja ana adabu, hebu msikie anavyomtaja akiwa jikoni.

Kutoka hapo tukaingia kwenye maneno ya kifo, ambayo kila mhudumu wa wazee atayahitaji na karatasi ya kampuni haikuyagusa. "Mar gaya" ni amekufa, na ni kwa mnyama au mtu wa kwenye habari. Kwa mzee wa nyumba husemwa "poore ho gaye", wametimia. Kwenye matangazo ya Masingasinga utaona "akaal chalana kar gaye". Vitenzi ni vya wingi vyote. Kijana wa Bujumbura aliuliza kama mhudumu asiye Mpunjabi anaruhusiwa kuyatumia, au itaonekana anajifanya. Bhenji alifikiri, akajibu kwamba siku hiyo hakuna anayepima lafudhi, lakini "mar gaya" itakumbukwa miaka. Kadi ni ya njano kwa sasa. Tutaamua baadaye kama igeuke nyeupe.

Juni

Hali ya mradi. Kadi nyeupe zimechapwa, zimekatwa, zimetobolewa tundu na kuunganishwa kwa pete. Za njano zinasubiri wino. Sauti zote zipo kwenye kundi letu, na wahudumu wawili wa kampuni nyingine wameomba kuingia.

Msimamizi wetu ameziona, ameomba zitafsiriwe kwa Kiingereza zichukue nafasi ya karatasi ya zamani. Nimekubali kwa sharti moja: kadi ya kumwita mteja kwa heshima iingie kama ilivyo, hata kama inapingana na mwongozo wa majina ya kwanza. Wanajadili.

Bibi wa Kisumu amezipitia zote, akarekebisha mbili kwa namna wanavyosema kwao asili, Jalandhar huko Punjab. Ameanza pia kuniuliza Kiswahili. Juzi alitaka kujua mtu mkubwa huombwaje maji. Nikamwambia "naomba maji". Akarudia, akaongeza "ji" mwishoni. Nimeiacha.

Kilichobaki ni kadi za nyumba za Waislamu wa Lahore na Faisalabad. Huko watu huchanganya na adabu ya Kiurdu, husema "aap" pale ambapo Bhenji angesema "tusi", na kumkaribisha mtu kiti wanasema "tashrif rakho". Bhenji amesema hapo si mahali pake pa kufundisha. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani amekubali kukaa nasi Jumamosi baada ya adhuhuri, kwa sharti kwamba mwanawe awepo kutafsiri na sisi tulete chai ya Kiswahili, yenye tangawizi.